Kiti Chenye Nailoni

Nianze na bata. Mgeni wetu wa kwanza kabisa aliingia chumbani akakuta bata kitandani, bata wa taulo, shingo imesimama, na ua la kando ya njia limechomekwa mdomoni. Akacheka, akapiga picha, na kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa na habari: kwa Mwenyekiti watu wanalala na bata. Mwenyekiti ni mimi. Bata ni kazi ya mume wangu.

Mume wangu alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli kubwa ya mjini, mwendo wa baiskeli kutoka kwetu. Aliingia pale kijana, akatoka mvi zimemjaa, na alichorudi nacho ni koti moja jeupe, viatu vyeusi vya kung'aa, na mazoea ambayo hata ukiyasugua kwa jiwe hayatoki. Mtu akikohoa, yeye ameshaleta maji. Mtu akishika begi lake, yeye ameshalipokea. Na kila mtu kwake ni bosi. Mwalimu ni bosi, muuza mkaa ni bosi, fundi baiskeli anayemdai ni bosi. Siku moja nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mbuzi aliyeziba njia, "Samahani, bosi." Kijijini wanamwita Ndiyobosi, naye anaitika bila kinyongo. Mtu pekee ambaye yeye hajawahi kumwita bosi ni mimi. Mimi ni Mama Watoto, tangu mtoto wa kwanza alipozaliwa.

Mimi ninaendesha mashine ya kusaga nafaka. Ukifanya kazi na ile mashine miaka yote hiyo, koo lako linazoea kushindana na chuma. Hata nikiomba chumvi watu wanadhani nagomba. Sikatai, mara nyingi nagomba kweli. Lakini nikirudi nyumbani, sitakosa shukrani, sahani yangu naikuta mezani imefunikwa kwa kitambaa safi, maji ya kunawa ya vuguvugu kando, na kishikio cha kikombe kimegeuziwa mkono wangu wa kulia. Wanawake wenzangu wananionea wivu. Nilikuwa nawaambia waume zao waende hotelini wakafundwe.

Sauti hiyo hiyo ndiyo iliyonipa uenyekiti. Kampuni moja ilikuja na picha ya hoteli kwenye karatasi ya kung'aa: vyumba mia, bwawa la kuogelea limekalia chemchemi yetu, na nyuma kabisa, vidogo kama sisimizi, sisi. Wakasema vijana watapata kazi. Watatandika vitanda, watahudumu mezani. Nikasimama. Haki ya Mungu, siku hiyo nilisimama!

"Yaani tuwe weita kwenye bonde letu wenyewe?" nikasema. "Tusimame nyuma ya viti vya watu, mikono mgongoni, kama miti? Kumngojea mtu amalize kutafuna? Hapana! Mgeni anayetaka maporomoko yetu ya maji aje alale kwetu, ale tunachokula, tukae naye meza moja kama watu!"

Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mapaa. Katikati ya makofi kuna mtu alinipa kikombe cha chai, nikakipokea bila kugeuka, nikaendelea kuongea.

Basi kampuni ikaondoka na karatasi yake, na sisi tukaunda chama cha wageni. Hatukujenga hata choo kipya. Kila nyumba iliyo na chumba cha ziada inaingia kwenye zamu. Wageni hawazidi sita kijiji kizima, hata waje na magunia ya fedha. Magari yanabaki barabara kuu, mtu anapanda kilima kwa miguu. Maji ya kuoga ni ndoo moja, taka uliyokuja nayo unarudi nayo, na kwenye maporomoko mnakwenda na mwenyeji, kwa njia moja ileile, majani yapate kupumua. Kinachopatikana ni cha kijiji: kwanza tulitengeneza paa la zahanati. Na kanuni kuu ya zote ni ile niliyoitoa kwa kinywa changu: mwenyeji ale pamoja na mgeni. Katibu alipotaka kuishia hapo, nilimwambia aongeze, nyumba isiyofanya hivyo itolewe kwenye zamu.

Katibu ni kinyozi. Ana kiti kimoja, kioo kimoja na mdomo wa watu kumi. Jambo likiingia kwenye banda lake asubuhi, mchana limeshanyolewa, limepakwa mafuta na limetoka kutembea.

Sasa unaona nilivyojichimbia shimo. Yule mgeni wa bata alikaa kwetu siku zake, na mume wangu hakuketi naye hata mara moja. Alisimama nyuma ya kiti chake na koti jeupe, kitambaa mkononi, mikono mgongoni. Kama mti. Kinyozi alipita, akachungulia dirishani, akaenda zake anapiga mluzi. Kwenye kikao akasema mbele ya wote, sauti ya upole yenye sumu, "Mwenyekiti, mkuki kwa nguruwe. Kanuni ni kwa nyumba zote au kwa zile zetu tu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nyumba yangu ikapewa mgeni mmoja zaidi, wa majaribio. Tukishindwa, tunatoka.

Mimi ningetoka ningerudi kwa mashine yangu, nichekwe mwezi, wachoke. Ila mume wangu? Tangu astaafu alikuwa anashinda mlangoni akipiga rangi viatu visivyokwenda popote. Watoto wako mbali na familia zao. Siku niliyomwambia nyumba yetu imeingia kwenye zamu, alipiga pasi pazia. Alipiga pasi mpaka kitambaa cha kufutia meza. Nilimkuta ameinamia kitanda cha wageni anavuta shuka ikaze, anaimba. Nilikuwa sijamsikia akiimba muda mrefu. Nikajua tukitolewa, mtu huyu atarudi mlangoni na brashi yake ya viatu, na safari hii hatatoka.

Tukafanya mazoezi. Meza yetu ina viti vinne, tulivinunua pamoja watoto wakiwa wadogo. Vitatu vimechoka, sponji limekwisha, ukikaa unahesabu mbao kwa makalio. Cha nne, kilicho upande wa mlango wa jikoni, bado kimevaa nailoni ya dukani. Nikamkalisha hicho kwa sababu ndicho kizuri.

"Haya. Mimi ni mgeni," nikamwambia. "Kula."

Akakaa. Nailoni ikalia chwaka. Akashika kijiko, akatazama sahani yangu, akainuka.

"Unakwenda wapi?"

"Chumvi, Mama Watoto."

"Chumvi iko hapa, mbele ya macho yako! Kaa!"

Chwaka. Akameza tonge moja. Akatazama kikombe changu.

"Maji yako yamepungua," akasema, na ameshasimama.

Ilikuwa hivyo wiki nzima. Nilimfokea, nilimbembeleza, nilimfichia koti jeupe chini ya godoro. Nilimwambia, "Wewe ni baba mwenye nyumba. Mgeni hatakufukuza kwenye kiti chako mwenyewe." Akaitikia kwa kichwa. Mtu mzima anatoka jasho kwa sababu ya kukaa. Nilimwona kama mtoto mkaidi, na moyoni nilikuwa nasema, hoteli imemharibia akili mume wangu, kampuni hizi Mungu anaziona.

Mgeni wa majaribio akaja. Nilikuwa nategemea mtu wa kamera na kofia. Akaja mwanamke wa makamo, mpana, mcheshi, dereva wa lori. Mwenzake alimshusha barabara kuu, akapanda kilima na begi begani huku akihema na kucheka.

"Dada zangu wa hapa," akasema akikaa kwenye ngazi, "nimepita chini ya kilima hiki miaka na miaka na mizigo ya saruji. Bonde lenu nalitazama kwa dirisha. Safari hii nikasema, likizo yangu naichukulia humu humu. Shemeji yuko wapi nimsalimie?"

Shemeji alikuwa ameshashika begi.

"Niachie, shemeji, kanuni zenu nimezisoma. Kila mtu na mzigo wake."

"Karibu, bosi. Niruhusu, bosi."

Wakavutana. Dereva ana mikono ya kugeuza usukani wa tani thelathini, mume wangu ana adabu ya miaka thelathini, begi likabaki katikati. Nilimkanyaga mume wangu kidole cha mguu. Akaachia. Dereva akadhani ameshinda, akafurahi.

Jioni kukiwa bado na mwanga, nikaandaa mezani: wali, maharage, mboga za bustanini. Kinyozi akatokea mlangoni, mikono mitupu, eti anapita.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, na macho yameshahesabu viti.

"Karibu, katibu. Kaa," nikasema. Ningefanyaje?

Kwa hiyo tukawa wanne, na viti vinne, na mume wangu kwenye kile cha nailoni. Akakaa. Chwaka. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Dereva akaanza kusimulia jinsi alivyokwama na lori darajani, anasimulia kwa mikono yote miwili. Mume wangu anatazama mikono ile. Nami namtazama yeye. Kila mkono ulipopita karibu na kikombe, nailoni ililia. Chwaka. Anainuka kidogo, anakumbuka, anarudi. Chwaka. Kinyozi ametega sikio kama anasikiliza redio.

Halafu dereva akaangusha kijiko.

Hakijagusa sakafu vizuri, mume wangu alikuwa juu. Kijiko kipya kikatoka wapi sijui, kikatua kando ya sahani ya mgeni, na yeye huyo, nyuma ya kiti, kisigino kwa kisigino, mikono mgongoni. "Samahani, bosi," akasema, utadhani yeye ndiye aliyekiangusha.

Kinyozi akatabasamu. Tabasamu dogo tu, pembeni mwa mdomo, lakini damu ilinipanda hadi machoni.

"Kaa chini!" Nikapiga meza kofi, maharage yakaruka. "Kaa! Unanitia aibu! Nyumba hii si hoteli! Wiki nzima nakufundisha kukaa, mbwa angekuwa ameshajua! Weita, weita, utakufa weita?"

Sauti yangu ile ya mashine. Majirani walisikia. Bonde lilisikia.

Akakaa. Safari hii nailoni ilichelewa kulia, kwa jinsi alivyojishusha taratibu, akishika meza kwa mikono miwili. Akachota kijiko cha wali. Punje zikawa zinaanguka njiani, zikafika mdomoni tatu nne. Akazimeza kama dawa. Akachota tena. Tunamtazama tu mtu anavyokula.

Kinyozi akawa wa kwanza kushindwa. Tabasamu lake lilikuwa limeisha zamani. "Mimi... nimeacha mteja bandani, nusu kichwa," akasema, na wote tulijua banda limefungwa. Akatoka bila kuaga vizuri.

Dereva alikuwa anakitazama kile kiti. Anatazama nailoni ilivyokaza, haina hata mkwaruzo, halafu anatazama viti vyetu vingine na sponji lake linalotoka. Mtu wa barabarani amezoea kusoma tairi: hili limetembea, hili bado jipya.

"Dada," akaniuliza, taratibu kabisa, "usinielewe vibaya. Siku ambazo hamna mgeni, shemeji huwa anakula wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Swali gani hilo? Mtu anakula kwake. Anakula... Nikaanza kutafuta. Nikatafuta jana, nikatafuta juzi, nikarudi nyuma, watoto wakiwa shuleni, watoto wakiwa wachanga. Niliona sahani yangu imefunikwa. Niliona maji ya vuguvugu. Niliona watoto wawili kwenye viti viwili, na mimi kwenye changu, na mkono unaoweka mboga. Mkono tu. Nikitaka kuona uso wake akitafuna, hakuna.

"Huwa anasema ameshakula," nikasema.

Dereva akaitikia kwa kichwa. Hilo ndilo lililonimaliza. Mume wangu akasema haraka, "Nimeshiba, asanteni," akaanza kukusanya sahani, na safari hii nikamwacha.

Asubuhi dereva alikwenda maporomoko na jirani yetu anayewaongoza wageni. Sikwenda mashineni. Niliingia jikoni, jikoni kwangu mwenyewe, ambako nimeingia kila siku kuchukua kiberiti na kutoka. Kando ya dirisha, juu ya ndoo, kuna kibao kilichopigiliwa ukutani. Juu yake sahani moja ya bati, kijiko kimoja na kikombe kisicho na mkono. Na ukuta wa pale, usawa wa bega la mtu aliyesimama, chokaa imeisha, pameng'aa kama mpini wa jembe. Loo! Nyani haoni kundule, lakini mimi hata ukuta sikuuona.

Mume wangu alikuwa anamenya viazi, mgongo kwangu.

"Tangu lini unakula hapa?" nikauliza.

"Hapa ni pazuri," akasema. "Naona njia. Nakuona ukirudi."

"Nimekuuliza tangu lini."

Akaendelea na kiazi, akizungusha ganda lisikatike. "Tangu ulipopata mashine. Ulikuwa unarudi umechoka sana. Nikikaa, unasema, maji. Nikikaa tena, unasema, chumvi. Mara watoto nao, baba kijiko, baba mchuzi. Nikaona kusimama kunapunguza kazi." Akaniangalia kidogo, na haki ya Mungu alikuwa ananihurumia. "Hukusema kwa ubaya, Mama Watoto. Ni mashine tu ilikuwa inakuchosha."

Ningefurahi angenitukana. Ningejua la kufanya, matusi nayaweza. Nikabaki nimeshika mlango. Ndipo kile kikombe cha chai cha siku ya mkutano kikanirudia. Nilikuwa nasema kuhusu watu wanaosimama nyuma ya viti kama miti, watu wanapiga makofi, na mtu akanipa chai kutoka nyuma. Nani kijijini anajua kunipa kikombe kikiwa kimegeuziwa mkono wangu wa kulia?

"Siku ile ya mkutano," nikasema. "Chai."

"Uliongea vizuri sana," akasema mume wangu. "Ilibidi unywe kitu, koo lilikuwa linakauka."

Nilitoka. Nikaenda nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo, nikalia hapo nimejificha kwenye shuka za wageni alizozifua yeye. Mwanamke mzima, mwenyekiti. Shuka zilinukia sabuni na pasi, na mimi nanukia unga.

Jioni nikapanga meza tena. Sahani tatu. Nilikuwa nimejiandaa na maneno yangu: leo kaa unavyotaka, kula unavyotaka. Dereva akaja amenawa, akachukua sahani yake, nikadhani anasogea kwenye kiti. Akanipita.

"Dada, samahani," akasema. "Mimi nami miaka yote nimekula nimesimama, mlango wa lori uko wazi, injini inaunguruma. Nikikaa chakula hakishuki." Akaingia jikoni.

Nikawasikia. Kwanza kijiko na bati. Halafu sauti ya dereva, chini chini. Halafu ya mume wangu, na sikuijua. Alikuwa anasimulia habari za hotelini, jinsi bwana harusi alivyokaa juu ya keki, jinsi waziri mmoja alivyoficha kuku mfukoni na mchuzi ukamtiririka hadi kwenye soksi. Sikuwahi kusikia hata moja. Dereva alicheka mpaka akapiga ukuta kwa kiganja. Na mume wangu akacheka, kicheko cha kijana, kinachopanda juu na kukatika. Nikakikumbuka. Nilikisikia wakati ananichumbia.

Nami nimekaa mezani, sahani tatu mbele yangu, na kanuni yangu.

Kinyozi akabisha hodi. Sijui alikuja kama katibu au alikuja kuomba radhi, pengine hata yeye hakujua. Akaona viti vitupu.

"Mgeni yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Akaenda hadi mlango wa jikoni, akachungulia, akasimama pale kidogo. Aliporudi hakuwa na mzaha usoni.

"Wanakula pamoja," akasema.

"Wamesimama," nikasema. "Andika ulichokiona. Nyumba yangu itolewe, nimekubali."

"Mwenyekiti, kanuni ni yako, naijua kama kinyozi anavyojua utosi. Inasema mwenyeji ale pamoja na mgeni. Haisemi wakalie nini." Akavaa kofia yake. "Nyumba imepita. Tena imepita vizuri." Akafika mlangoni, akageuka. Sidhani alitaka kuniumiza. "Ila wewe, dada yangu, unakula na nani?"

Chakula changu kilipoa hapo hapo.

Dereva aliondoka na begi lake begani na taka zake kwenye mfuko. Mume wangu alimsindikiza hadi barabara kuu, mikono mitupu, wakiongea njia nzima. Dereva alimuahidi atarudi na mume wake, naye mume wangu akaniletea habari hiyo mbio kama mtoto aliyefaulu mtihani. Kwenye zamu tumo. Viatu vyake vina kazi.

Basi siku hiyo nikafunga mashine mapema. Nikapika mwenyewe, na wali ukashika chini, siwadanganyi. Nikachukua mkasi. Nikapiga magoti mbele ya kile kiti cha nne nikakata nailoni, ilikuwa imekauka, inavunjika vipande vipande kama magamba. Kitambaa cha chini yake kilikuwa na maua mekundu. Nilikuwa nimesahau kwamba viti vyetu vilikuwa na maua.

Nikaweka sahani mbele ya kiti hicho, nikaifunika kwa kitambaa safi. Maji ya kunawa ya vuguvugu. Kikombe nikakigeuza upande wa mkono wake, halafu nikasimama nikakitazama, maana sikuwa na uhakika ni mkono gani. Miaka yote hiyo. Nikakiweka katikati.

Akaingia na kuni, akaona meza, akasimama.

"Nani anakuja?" akauliza.

"Wewe."

Akatazama mlango wa jikoni, akatazama kiti. Nilitaka kusema kaa, neno likafika kwenye meno, nikakumbuka nilivyolisema mara ya mwisho. Nikalimeza. Nikavuta kiti nyuma kidogo, kama nilivyomwona yeye akiwavutia wageni.

"Karibu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, sikuijua.

Akaketi ukingoni. Hakuna kilicholia. Nikammiminia maji ya kunawa, nikafunua sahani, na sikujua mikono yangu niipeleke wapi baada ya hapo, kwa hiyo nikaiweka mgongoni.

Mume wangu aliinamisha kichwa, vizuri, kwa heshima, bila utani wowote.

"Asante, bosi," akaniambia.